MREJESHO: Ile tsuba ya joka nimeitambua, kasoro jambo moja

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza hapa kuhusu tsuba, kile kisahani cha chuma kinachokinga mkono kwenye upanga wa Kijapani, niliyoinunua kwenye mnada wa tarehe 21 pale hekalu la Toji, Kyoto. Ina joka lililochongwa kwa kutoboa, na maandishi yalikuwa hayasomeki.

Aliyeniambia nizime taa kisha nimulike tochi kwa ubavu, Mungu akubariki. Herufi zilijitokeza kutoka kwenye kutu, pande zote mbili za tundu la upanga: "Echizen ju Kinai saku", yaani kazi ya Kinai, mkazi wa Echizen, eneo ambalo leo liko mkoa wa Fukui. Majoka ndiyo hasa yaliyowapa sifa mafundi wa jina hilo la Kinai. Basi wazo kwamba ilitoka Owari, eneo jingine la Japani lililotengeneza tsuba, ambalo hata mimi nililishikilia, limeanguka.

Nilipokwama: Kinai si mtu mmoja. Vizazi kadhaa vilitumia saini hiyohiyo, na kwa saini peke yake siwezi kusema ni fundi yupi.

Kuhusu kutu, nimesugua kwa kitambaa kikavu cha pamba kila jioni kwa miezi miwili. Wekundu umepungua sana, ila doa moja karibu na mkia wa joka limegoma. Na wewe uliyenikataza msasa na tindikali, nakushukuru kwa dhati: ule weusi wa chuma ukishaondoka haurudi.