Wikendi moja Cairo tukitokea Alexandria, tuanzie wapi?

BintiMoro
Wadau habari za saa hizi. Mi nasoma Alexandria, mwaka wa kwanza, na tangu nifike Misri Cairo nimeiona kwenye dirisha la gari tu siku ile natoka eapoti. Sasa wikendi ijayo (huku ni Ijumaa na Jumamosi, kwa wasiojua) mi na mwenzangu mmoja Mganda tumeamua lazima twende, tunatoka Alhamisi jioni na treni tunarudi Jumamosi usiku maana Jumapili asubuhi kuna kipindi. Tunataka piramidi, ile makumbusho mpya, soko la Khan el-Khalili, msikiti wa Azhar, makanisa ya zamani, na muda ukiruhusu boti Mto Nile. Hivi vyote vinaingia kweli kwenye siku mbili? Halafu sisi ni wasichana wawili, Kiarabu bado kidogo sana, kuzunguka mjini kukoje? Hela yenyewe ni ya skolashipu kwa hiyo teksi kila saa hapana.

Mvita_Cairo
Dada karibu sana. Vyote haviingii, na ukilazimisha wikendi yote itaishia kwenye foleni. Giza (kwenye piramidi) na mji wa kale ziko pande mbili tofauti kabisa, kwa hiyo Ijumaa fanyeni mji wa kale, Jumamosi Giza, mchezo umeisha.

Ijumaa asubuhi Cairo huwa imelala, barabara nyeupe, na maduka mengi ya Khan hayafunguliwi mpaka watu watoke kuswali, wageni wengi hawajui hilo wanaenda saa tatu wanakuta mapazia yameshushwa. Asubuhi hiyo itumieni kwa makanisa. Pale stesheni ya treni ya Ramses kuna metro, kituo chake kinaitwa Al-Shohadaa, pandeni laini ya kwanza inayoelekea Helwan mshuke Mar Girgis, ukitoka nje tu mtaa wa makanisa huo hapo. Kuna lile la Muallaqa limejengwa juu ya lango la ngome ya Warumi, mkikuta misa kaeni nyuma kimya. Na kutoka hapo kwa miguu tu mnafika msikiti wa Amr ibn al-As, ndio wa kwanza kujengwa Misri, karne ya 7, ingawa jengo la leo limeshajengwa upya mara nyingi.

Baada ya swala ya Ijumaa sasa ndio muingie mtaa wa Al-Muizz, ule mkongwe unaopita Khan. Anzieni lango la Bab al-Futuh mshuke taratibu mpaka lango la Bab Zuweila, msianzie katikati Khan kama wanavyofanya watalii wa mabasi. Njiani msiikose Bayt al-Suhaymi, nyumba ya mfanyabiashara ya mwaka 1648. Pandeni ghorofani mkae nyuma ya ile mashrabiya, mbao zimechongwa vitundu vidogo vidogo, upepo unaingia, wewe unaona ua mzima na aliye chini hakuoni. Mi nimekulia Old Town Mombasa kwenye zile roshani za mbao na bado pale nilikaa mpaka mlinzi akaja kuniangalia kulikoni.

Azhar ingieni baada ya alasiri, msikiti umeanza kujengwa 970, ua wake wa marumaru nyeupe mnavua viatu, na kwenye nguzo mtakuta wanafunzi wamekaa duara na mwalimu wao, wengine wametoka kwetu kabisa. Salimieni kwa Kiswahili hamtakosa wa kuitikia.

Bi_Darajani
Mdogo wangu, kaka Mvita kasema kweli, mi naongeza ya wanawake. Nimesoma hapo Cairo. Metro pandeni bila wasiwasi, mabehewa ya wanawake yako katikati ya treni, angalieni alama ukutani kabla haijafika maana mlango haukusubiri. Chukueni mtandio kwa ajili ya misikiti, huyo Mganda pia hata kama si Mwislamu.

Halafu kuna watu mjini watakwambieni kwa upole kabisa leo makumbusho imefungwa, njooni niwaonyeshe pengine, mnaishia duka la manukato au mafunjo. Haijafungwa, endeleeni na safari. Na ngamia pale Giza, kama mnataka kupanda elewaneni bei ya kupanda NA kushuka, kwa wote wawili, kabla mguu haujatoka ardhini.

Vitambulisho vya chuo msisahau, tiketi za wanafunzi ni nusu bei sehemu nyingi, na muwe na kadi ya benki maana piramidi wageni tunalipa kwa kadi, noti zako hazisaidii.

Kasuku254
Mimi naona kwa piramidi masaa mawili yanatosha, muda mwingi upeni hiyo makumbusho mpya (GEM, yaani Grand Egyptian Museum), iko karibu tu na piramidi na ilifunguliwa rasmi Novemba 2025. Vitu vya farao Tutankhamun zaidi ya 5,000 viko pamoja sehemu moja, kabla ya hapo havijawahi kuonyeshwa vyote. Ukiingia tu unakutana na sanamu ya farao Ramses wa pili, jiwe la mita 11 hivi, na ndiye huyo aliyekuwa amesimama nje ya stesheni mtakayoshukia mpaka 2006 walipomtoa kwa sababu moshi wa magari na mtikisiko ulikuwa unamla. Tiketi kateni mtandaoni mapema, zinatoka kwa saa, msiende kubahatisha mlangoni.

BintiMoro
Jamani asanteni sana, hii ya Ijumaa asubuhi nisingeijua. Basi Giza tutaanzia piramidi mapema kabla ya jua kali, kisha GEM. Na boti je? Na chakula cha bei ya mwanafunzi?

Mvita_Cairo
Chakula ni koshari dada, wali, makaroni, adesi na dengu, juu kitunguu cha kukaanga, unashiba mpaka usiku. Ile chupa ya siki na kitunguu saumu mimina, ile nyekundu ya pilipili onja kwanza.

Boti nendeni na feluka (boti ya tanga) Ijumaa jioni, bei ni ya boti nzima kwa saa, si ya kichwa, kwa hiyo mkipata wenzenu wa kuchangia inakuwa rahisi. Mkiona mmechoka kushuka mtoni basi pandeni Al-Azhar Park jua likizama, kiingilio kidogo, mnaiona ngome ya Citadel na minara yote. Hiyo bustani palikuwa jalala la karne nyingi, taasisi ya Aga Khan ndio waliigeuza, ikafunguliwa 2005.

Bi_Darajani
Tiketi ya kurudi mkate hukohuko Alexandria Alhamisi, Jumamosi usiku wanafunzi wote wanarudi. Na Giza mtoke saa kumi, si saa kumi na mbili, kufika Ramses jioni ni kazi.