Naomba ushauri: nianze na badiliko gani dogo ili kuimarisha afya yangu?

Mwendapole (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wa dhati kwa sababu nimekwama. Nina umri wa miaka 44, kazi yangu ni ya kukaa mezani tangu asubuhi, na nikirudi nyumbani huwa nimechoka kiasi cha kutotaka kufanya lolote isipokuwa kukaa tena mbele ya skrini. Nikipanda ngazi za ghorofa mbili hulazimika kusimama katikati na kujifanya ninasoma ujumbe kwenye simu, ili wenzangu wasione kwamba ninatafuta pumzi.

Zamani nilijaribu kubadilisha kila kitu kwa pamoja, yaani kuamka alfajiri, kukimbia, kuacha sukari na kulala mapema, na kila mara yote yaliporomoka kwa mkupuo. Safari hii nataka mambo madogo ninayoyamudu. Nimeandika manne: kutembea baada ya chakula cha jioni, kupunguza chumvi, kuacha vinywaji vyenye sukari, na kuzima simu saa moja kabla ya kulala. Nianze na lipi, na nisubiri muda gani kabla ya kuongeza jingine? Nawaomba msilichukulie kwa mzaha, kwani jambo hili linaninyima usingizi.

Kipepeo Mweupe

Pole sana, kaka. Mimi ningeanza na usingizi, ijapokuwa wewe umeuweka mwisho. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa usiku, na akizikosa, kesho yake mwili hudai vitu vitamu na miguu hugoma, kwa hiyo yale mengine matatu yanakuwa magumu zaidi. Mimi nilikuwa nikilala na simu chini ya mto. Nilinunua saa ya kengele, simu nikaiacha sebuleni ikichajiwa. Usiku wa mwanzo mwanzo nilikuwa nikizinduka nikaukuta mkono wangu unapapasa chini ya mto ukiitafuta, na mume wangu akaanza kuhisi kwamba nina jambo ninalomficha. Tulipoelewana, naye akaiacha yake huko huko sebuleni. Siku hizi tunazungumza kabla ya kulala, jambo ambalo lilikuwa limetoweka kabisa nyumbani kwetu, na kwa kweli sikujua kwamba nilikuwa nimelikosa.

Mzee wa Hoja

Mwanangu, umejiita Mwendapole, na wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini hawakumsifu anayesimama. Tatizo lako si kuchagua badiliko, ni nidhamu. Anayengoja idhini ya watu asiowajua ili azime simu yake mwenyewe, hataizima. Mimi nilipostaafu sikuuliza mtu; nilivaa viatu nikatoka, na mpaka leo mvua ndiyo pekee inayonizuia. Vaa viatu utoke.

Takwimu Kwanza

Kwa heshima zote, mzee wangu, nidhamu peke yake haielezi kwa nini watu hushindwa. Nitajibu lile swali la muda, kwa kuwa watu wengi wanaamini kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliotolewa mwaka 2009, uliwafuatilia watu 96 ambao kila mmoja alichagua jambo moja dogo la kufanya kila siku katika mazingira yale yale, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua takriban siku 66 kabla jambo hilo halijawa la kujiendea lenyewe, lakini tofauti baina ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, tangu siku 18 hadi 254. La kutia moyo zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwenendo mzima. Kwa hiyo, mkuu, funga badiliko lako kwenye jambo ambalo tayari unalifanya bila kufikiri, na ukikosa siku moja usiihesabu kuwa mwisho wa safari.

Pia usitishwe na zile hatua 10,000. Namba hiyo ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Mwaka 2019, I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wazee, na waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea takriban 2,700. Faida iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia.

Na mabadiliko madogo si jambo la kudharauliwa hata kidogo. Mwaka 2002, Marekani, yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Waliolenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58, ilhali waliopewa vidonge vya metformini waliipunguza kwa asilimia 31.

Mwendapole

Ahsanteni sana, hasa Takwimu Kwanza. Hizo asilimia 58 dhidi ya 31 zimenipa nguvu ambayo sikuwa nayo tangu asubuhi. Hicho ndicho nilichotaka kusikia.

Muuguzi wa Zamu

Ndugu Mwendapole, kabla hujaondoka na hizo asilimia, naomba nikuulize. Umetaja chumvi mahsusi, una pumzi fupi kwenye ngazi, na furaha yako imeangukia kwenye ile sehemu inayosema mabadiliko yaliwashinda vidonge. Je, umepimwa presha hivi karibuni? Ilisomaje?

Mwendapole

Nimepimwa. Ilikuwa juu kidogo, si jambo la kutisha. Naomba turudi kwenye swali langu la nianze na lipi.

Muuguzi wa Zamu

Naomba namba zenyewe, ndugu yangu, kwa kuwa "kidogo" ya mtu mmoja ni hatari ya mwingine. Na je, uliandikiwa dawa?

Mwendapole

Sawa, nitasema, ingawa sikupanga kulileta hapa. Mara ya mwisho ilikuwa 164 kwa 102, na siku nyingine zilizotangulia hazikuwa mbali na hapo. Niliandikiwa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Nikavimeza kwa muda, nikawa ninapata kizunguzungu kila ninaposimama haraka, na nikaambiwa kwamba huenda nikavihitaji maisha yangu yote. Sentensi hiyo ilinikaa kichwani. Baba yangu alikuwa na mfuko mzima wa dawa, na sitaki kuishi hivyo.

Kwa hiyo nimejipa miezi mitatu ya kujaribu njia hii bila vidonge. Sikuamua kwa ujinga, na nilisoma mengi kabla ya kuamua. Viatu vya kutembelea nimeshanunua, na miadi ya kliniki nimeiahirisha hadi miezi hiyo itakapokwisha, ili nirudi na namba nzuri mkononi. Mke wangu sijamwambia kwa sababu atapata wasiwasi bure. Na tusisahau kwamba Takwimu Kwanza mwenyewe ameonyesha kuwa mazoezi yalifanya vizuri kuliko dawa.

Takwimu Kwanza

Hapana, mkuu, usinibebeshe mzigo huo. Watu wa utafiti ule walikuwa hawajaugua kisukari. Walikuwa wanazuia kitu ambacho hakijafika. Wewe presha yako imeshafika. Tena ule ulihusu kisukari na kidonge kimoja, nao haukuhusu mtu mwenye 164 kwa 102 aliyeacha dawa zake.

Mzee wa Hoja

Mimi limeniuma hilo la mke. Mwenzako analala pembeni yako kila usiku, halafu wageni wa mtandaoni wanajua hali ya mwili wako kabla yake! Ukianguka usiku, atawaambia nini wanaokuja kukubeba, ilhali hajui kwamba ulikuwa na dawa, wala kwamba uliiacha? Usimnyime mkeo haki ya kujua.

Kipepeo Mweupe

Mzee amesema kweli. Shangazi yangu aliwaficha watu wote, na tulikuja kuyajua maradhi yake wodini, baada ya upande wake mmoja kupooza. Ninachokumbuka ni binti yake akiulizwa na daktari mama anatumia dawa gani, akabaki anatutazama sisi. Naomba univumilie, kaka, si kwamba nakutakia mabaya.

Muuguzi wa Zamu

Nakushukuru kwa kusema. Sasa nieleze kwa nini nilikung'ang'ania.

Presha husemwa kuwa juu inapofika 140 kwa 90 na kuendelea katika vipimo vya siku tofauti. Mazoezi ya kudumu kwa mtu mwenye presha hushusha ile namba ya juu kwa takriban pointi 5 hadi 8, na kila kilo ya uzito inayopungua huishusha kwa karibu pointi 1. Kupunguza chumvi kunaongeza hapo, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pia ile iliyojificha katika vyakula vya viwandani. Hizi ni faida za kweli na ninataka uzipate zote. Lakini zinakuja polepole, na katika miezi hiyo mitatu mishipa ya ubongo, moyo na figo inaendelea kubeba 164, nawe huhisi chochote, kwa sababu presha kwa kawaida haiumi.

Pili, baadhi ya dawa za presha, hasa baadhi ya zile zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo, zikikatizwa ghafla huweza kuifanya presha irudi kwa nguvu. Mimi sijui yako ni ipi, na wala usiitaje hapa. Aliyekuandikia anajua.

Tatu, kizunguzungu cha kusimama ni sababu ya kurudi kliniki upesi, wala si sababu ya kuahirisha. Dozi hupunguzwa, saa ya kumeza hubadilishwa, au dawa yenyewe hubadilishwa. Na wapo watu ambao baada ya kupunguza uzito na chumvi walipunguziwa dawa, ila walipunguziwa huku wakipimwa.

Jicho la Tatu

Samahanini, mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa kulisema. Huyu ndugu amejiunga juzi. Mwanzoni alikuwa mtu mchovu tu, baadaye presha "juu kidogo", sasa ana dawa alizoziacha, baba mwenye mfuko wa dawa na mke asiyejua kitu. Hadithi inaongezewa viungo kila tunapouliza. Tumeshaziona nyuzi za namna hii: mmoja analalamika kuhusu vidonge vya hospitali, kesho anaingia mwingine akisema alipona kwa unga wa mizizi fulani, na namba ya simu inafuata. Mimi siamini kwamba mtu huyu yupo.

Mzee wa Hoja

Hata mimi limenipitia akilini. Aliyeweza kusoma mengi kabla ya kuacha dawa alishindwaje kusoma kwamba haziachwi hivyo?

Mwendapole

Nimesoma maneno hayo mara mbili na yamenichoma. Sina dawa ya kumuuzia mtu. Nimejiunga juzi kwa sababu juzi ndipo nilipotafuta mahali ambapo hakuna anayelijua jina langu. Na nilikuwa ninaongeza kidogo kidogo kwa sababu sijawahi kulitamka jambo hili mbele ya mtu yeyote. Vidonge viko kwenye droo ya meza yangu kazini, chini ya makaratasi, na karatasi yake ya bati imechanika upande mmoja kwa sababu nilianza kukitoa kimoja wiki iliyopita, kisha nikasita nikakirudisha. Amini au usiamini.

Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu bila kuandika, lakini leo nimeshindwa kunyamaza. Ndugu Jicho la Tatu, mimi nipo, na nilifanya hivyo hivyo. Dawa yangu ya kwanza ilinivimbisha vifundo vya miguu hadi viatu vikawa havinitoshi, nikaiacha kimya kimya na kuanza kutembea kwa bidii, nikiamini kwamba nimechagua uhai. Niliporudi kliniki nilitegemea kukemewa. Daktari alivibonyeza vifundo kwa kidole gumba, akaniambia kwamba kuvimba huko kunajulikana kwa dawa ile, akaniandikia nyingine. Sikuwa nimejua kwamba malalamiko yangu yalikuwa na jina na suluhisho. Kutembea sikuacha.

Jicho la Tatu

Nimekusikia, dada, na pole. Nitaendelea kuufuatilia uzi huu, na likitajwa jina la dawa ya kuuzwa nitawaarifu wasimamizi. Kama mleta uzi ni mkweli, hilo halitamdhuru.

Mwendapole

Nimepiga simu kliniki, na miadi imerudishwa nyuma hadi Alhamisi. Bado sikubali kwamba dawa ni za maisha yangu yote, na nitamwambia daktari hivyo hivyo, kwamba lengo langu ni kuzipunguza, na kwamba nataka tukubaliane namba ambayo nikiifikia tutalizungumza tena. Kuhusu mke wangu, nimesikia. Kutembea baada ya chakula nimeanza jana. Nilimwomba tufuatane naye, na hajauliza kwa nini, ila najua atauliza.

Nina swali moja kwa Muuguzi. Nataka kununua mashine ya kupimia nyumbani. Ninunue ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, kwa kuwa ni ndogo, au ile ya juu ya kiwiko?

Muuguzi wa Zamu

Nunua ya juu ya kiwiko, na uhakikishe ukanda wake unakutosha, kwa sababu ukiwa mdogo kuliko mkono husoma juu kupita kiasi. Zile za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi mkono usipokuwa usawa wa moyo. Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara wala usifanye mazoezi. Nenda haja kwanza, kisha kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko sakafuni, mkono umelazwa mezani. Pima mara mbili kwa kupisha dakika 1, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7, na uziandike zote pamoja na zile zisizokupendeza. Ujue pia kwamba nyumbani kikomo ni 135 kwa 85, si 140 kwa 90. Kizunguzungu kikikujia, pima pia baada ya kusimama dakika 1, na Alhamisi mwonyeshe daktari namba hizo kwanza kabla ya zile za asubuhi na jioni.