Okestra ya vijana kwenda Ujerumani: watapataje marafiki wasibaki kwenye kona yao?

MamaChelo:
Habari wadau. Okestra yetu ya vijana hapa Nairobi, umri miaka 13 hadi 19, imealikwa Ujerumani mwezi wa Agosti. Watafanya mazoezi siku nne na okestra ya vijana wenyeji, kisha wapige tamasha mbili pamoja, na watalala kwa familia za huko. Mimi ni mmoja wa wazazi wasindikizaji. Muziki haunipi hofu. Ninachoogopa ni watoto kula pamoja, kukaa pamoja kwenye basi, kupiga picha na kurudi bila kumfahamu mwenyeji hata mmoja. Tupange nini mapema? Tena tuna wapiga tarumbeta wawili wenye haya sana.

StendiYaTatu:
Mama Chelo, anzeni na viti, msingoje tafrija ya mwisho. Wapiga nyuzi hukaa wawili kwa stendi moja ya kuwekea noti. Wa ndani, yaani aliye mbali na hadhira, ndiye anayegeuza ukurasa, na kiongozi akibadilisha mwendo wa upinde (kuvuta au kusukuma), yeye ndiye anayeuandika. Noti zikigawanyika sauti mbili, kwa kawaida wa nje hupiga ya juu na wa ndani ya chini. Hawawezi kufanya hayo bila kusemezana. Mwombeni kondakta aweke mgeni na mwenyeji kwenye kila stendi, na orodha iwafikie wiki mbili kabla. Wakijikalia wenyewe siku ya kwanza, kuwahamisha siku ya pili wataona kama adhabu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni wageni kurundikwa stendi za nyuma. Wagawanywe mbele hadi nyuma, na nusu yao wakae upande wa nje, ulio karibu na hadhira. Kila mmoja awe na penseli laini, kalamu ya wino hapana, kwani noti nyingi huwa za kukodi.

Wafundisheni pia kwamba Mjerumani huita B yetu H, na anaposema B anamaanisha B flati, yaani B iliyoshushwa nusu sauti. Asiyejua atapiga noti nyingine kabisa, aone aibu, kisha anyamaze siku nzima.

Hao wa tarumbeta hawana stendi ya kushirikiana, na muda mwingi wanahesabu vipumziko. Waombeeni kundi dogo la shaba: tarumbeta zenu mbili, pamoja na honi, tromboni na tuba za wenyeji. Dakika arobaini kila siku kabla ya chakula cha mchana, kipande kimoja chepesi. Kwenye watu watano hakuna pa kujificha. Tarumbeta nyingi za okestra za Kijerumani zina vali (vitufe vya kubadili noti) za kuzunguka na hushikwa kwa ubavu, kwa hiyo watataka kubadilishana wajaribu. Wakubaliwe, ila kila mtu atumie mausipisi yake, kile kipande cha kupulizia.

MwalimuWaUpinde:
Niongeze la nyumbani, maana huko ndiko urafiki hukomaa au hufa. Wawili kwa nyumba. Watatu watazungumza Kiswahili usiku kucha, na mmoja peke yake atalia kwa kukumbuka kwao. Wawili hao wasiwe wale wanaoshikana mikono tangu darasa la kwanza. Ombeni nyumba yenye mtoto aliye okestrani, ikiwezekana wa ala ileile, ili waende mazoezini pamoja. Ulizeni pia tarehe za likizo za shule za jimbo hilo, kwa sababu kila jimbo lina zake na familia nyingi husafiri.

Chakula cha jioni mara nyingi ni mkate, jibini, soseji baridi na matango. Mtoto asingoje ugali baadaye. Ale ashibe hapohapo. Kwa Waislamu, kwenye fomu andikeni wazi "hali nguruwe, wala soseji au peremende zenye jelatini ya nguruwe".

Kwetu mtoto huinamisha macho kwa heshima. Huko mwenyeji atadhani amechukia au amechoka. Amsalimu kwa mkono akimtazama usoni. Saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu, asiguse ala. Zawadi ziwe leso au majani ya chai. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo mursik, yale maziwa ya mgando, ibaki nyumbani.

Chakacha68:
Nendeni na kitu cha kufundisha. Wimbo wa chakacha, mdundo wa pwani, wa dakika tatu unatosha, wenye sauti za nyuzi na za shaba. Nusu saa ya kwanza karatasi zibaki mkobani: wapige makofi, waimbe, ndipo washike ala. Wenyeji wamezoea kusoma, na wakiona 6/8 (mapigo sita kwa kila kipimo) watakazia pigo la kwanza na la nne tu, chakacha ipoe. Gawanyeni nusu wapige makofi mawili kwa kila kipimo, nusu matatu, kisha wabadilishane. Anayefundisha awe kijana, wala si mwalimu. Hasa yule mwenye haya, kwa kuwa hapo ndiye anayejua.

MamaChelo:
Asanteni mno. Na wakisharudi?

StendiYaTatu:
Kundi moja la simu la watu themanini hunyamaza upesi. Undeni la kila sehemu: fidla za kwanza, chelo, shaba. Wapeane kazi, mfano kila mmoja arekodi sauti yake ya kipande kilekile na mmoja aziunganishe. Kiangazi Ujerumani iko saa moja nyuma yetu, na kuanzia mwisho wa Oktoba saa mbili. Simu za saa mbili usiku wetu zitawakuta wametoka shule. Picha za wenyeji zisiwekwe mtandaoni kabla ya wao na wazazi wao kukubali.