Nimenunua nyongeza nikidhani ni gemu yenyewe, kisha mwanangu akabonyeza kitufe: nianzie wapi kudai fedha zangu?

Mama Swaleh, Mombasa

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu fedha nilizokatwa mara mbili katika wiki moja na duka la gemu la mtandaoni, ambalo sitalitaja jina kwa kuwa bado sijaanza kudai.

Jumamosi iliyopita nilikusudia kumnunulia mwanangu wa miaka 10 gemu ya mpira niliyomwahidi baada ya mtihani. Nilipoandika jina lake kwenye sehemu ya kutafutia, kilichotangulia kutokea kilikuwa na picha ileile ya jalada, jina lilelile kwa herufi kubwa, bei ya dola 39.99 iliyopigwa mstari, na kando yake dola 9.99 pamoja na alama ya punguzo la asilimia 75. Nililipa kwa simu, kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa. Baada ya kulipa ndipo nilipogundua kwamba nimenunua nyongeza ya msimu, ambayo haifunguki bila gemu yenyewe, na gemu yenyewe inauzwa kwa bei kamili katika ukurasa mwingine. Siwezi kusema kwamba maelezo hayo hayakuwepo. Yalikuwepo, kwa maandishi madogo ya kijivu, chini ya kitufe cha kununulia. Hata hizo dola 9.99 sizo nilizokatwa, kwa sababu kodi ya asilimia 16 iliongezwa mwishoni na risiti ikasoma dola 11.59.

Jumatatu likaja la pili. Mwanangu alikuwa akicheza gemu nyingine ya bure, akaingia katika duka la ndani ya gemu hiyo kutazama vazi la mchezaji wake. Vazi lina bei ya sarafu 1,200 za humo ndani ya gemu, nazo sarafu huuzwa kwa mafungu ya 1,000, kila fungu dola 7.99, kwa hiyo yamenunuliwa mafungu mawili, yaani dola 15.98 kabla ya kodi, kwa vazi ambalo bei yake ya dola haikuandikwa popote. Anaapa kwamba alibonyeza ili alitazame tu. Kadi yangu ilikuwa imehifadhiwa tangu Jumamosi, na hakuna nywila iliyoulizwa.

Je, naweza kudai yote mawili? Na je, ni vyema nikaupinge muamala moja kwa moja kwa waliotoa kadi?

Fundi wa Majengo

Pole sana, mama. Mimi ninaendesha kibanda cha gemu na kisa chako cha kwanza ninakiona kila msimu wa punguzo. Watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye picha ya ng'ombe. Kabla ya lolote, tafadhali tueleze kama ile nyongeza imeshapakuliwa. Ninauliza kwa sababu masharti ya maduka mengi yamefungwa hapo. PlayStation Store hukupa siku 14 za kuomba kurejeshewa fedha, mradi hujaanza kupakua. Steam nao hutoa siku 14, ila wanaangalia kama umecheza chini ya saa 2. Google Play hupokea maombi yenyewe ndani ya saa 48, na baada ya hapo hukuelekeza kwa mtengenezaji. Tatizo ni kwamba mashine nyingi huwa zimewekwa kupakua zenyewe mara tu unapolipa, kwa hiyo mtu anapoteza haki yake kabla hajajua kwamba amekosea.

Mama Swaleh, Mombasa

Haijapakuliwa, kaka. Mashine ilikuwa imezimwa siku ile, na nilipogundua niliizuia isipakue yenyewe.

Kijana wa Diani

Mama, usihangaike na barua. Piga simu kwa waliotoa kadi leo hii, uwaambie miamala yote miwili huitambui, kisha uifunge kadi.

Wakili Asiye na Joho

Ndugu yangu wa Diani, umekusudia mema, lakini hapo umemwelekeza mama wa watu pabaya mara mbili. Kwanza, muamala wa Jumamosi anautambua, kwani aliulipa kwa mkono wake, na kusema vinginevyo ni kudanganya katika maandishi. Pili, maduka mengi huifunga akaunti ya mtu anayepinga muamala kupitia benki, na gemu zote alizowahi kununua zinafungiwa humo.

Hilo la kufungiwa si uvumi. Ni mojawapo ya madai ambayo Tume ya Biashara ya Shirikisho nchini Marekani ilitoa dhidi ya Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, katika shauri lililotangazwa Desemba 2022, ambapo kampuni ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarejeshea wachezaji. Tume ilidai kwamba mpangilio wa vitufe ulikuwa wa kuchanganya, kiasi kwamba mchezaji angeweza kukatwa fedha alipokuwa akiiamsha gemu iliyolala, au wakati ukurasa ungali unafunguka, au alipogusa kitufe cha jirani akitaka kutazama bidhaa tu. Na kwamba hadi 2018 watoto waliweza kununua sarafu bila idhini yoyote ya mwenye kadi. Malipo ya kwanza, dola milioni 72, yalitumwa Desemba 2024 kwa wachezaji zaidi ya 629,000. Fedha hizo ni za watu wa Marekani na hazitakufikia wewe, mama, lakini maneno ya shauri lile yanakufaa, kwa sababu yanaelezea kisa cha mwanao karibu neno kwa neno.

Kwa hiyo usiandike kwamba mtoto alikosea. Ukiandika hivyo, watakujibu kwamba ulezi ni jukumu lako. Andika kwamba kitufe cha kutazama na cha kununua vilikuwa karibu, kwamba hakuna hatua ya kuthibitisha iliyofuata, na kwamba mwenye kadi hakuombwa idhini. Kwetu Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na ya kusahihisha makosa, kabla ya mapatano kufungwa. Madai ya bei ya kupotosha yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ingawa dhidi ya duka lililo ng'ambo nisingekuahidi wepesi.

Leo hii, kabla hujaandika chochote, piga picha za skrini za matokeo ya utafutaji, za ukurasa wa nyongeza na za risiti, kwa kuwa punguzo likiisha ukurasa utabadilika na utabaki na maneno matupu. Kuupinga muamala kwa waliotoa kadi kuwe hatua ya mwisho, baada ya duka kukataa kwa maandishi.

Bi Rehema, Rotterdam

Ninaongeza jambo moja kuhusu bei iliyopigwa mstari. Huku Ulaya, tangu Mei 2022, duka linalotangaza punguzo la bidhaa za kushikika linapaswa kutaja bei ya chini kabisa lililoitoza katika siku 30 zilizotangulia, kwa sababu wauzaji walizoea kupandisha bei kwanza kisha kuishusha kwa shangwe. Kenya kanuni hiyo haiwafungi, kwa hiyo hizo dola 39.99 zisikushawishi kwamba uliokoa kitu. Je, mama, kulikuwa na saa inayohesabu muda kurudi nyuma? Mei 2024 mamlaka ya watumiaji ya Uholanzi iliitoza Epic faini ya euro 1,125,000, na saa za namna hiyo, zilizowaharakisha watoto kununua, zilikuwa miongoni mwa sababu.

Mama Swaleh, Mombasa

Ilikuwepo, dada, juu ya lile vazi. Nimeipiga picha.

Fundi wa Majengo

Basi iambatanishe. Na usiku huu iondoe kadi kwenye akaunti, uweke nywila kwa kila ununuzi, na akaunti ya mtoto iwe chini ya yako na kikomo cha matumizi sifuri.

Mama Swaleh, Mombasa

Ninarudi na majibu, siku ya 6. Dola 11.59 zimerejeshwa, ila si kwenye kadi. Zimewekwa katika pochi ya duka, na nimeandika tena kuuliza kwa nini. Kuhusu sarafu, jibu la kwanza lilikuwa kwamba bidhaa iliyokwisha kutumika hairudishwi. Nilijibu kwa kutumia maelezo ya Wakili pamoja na picha ya ile saa, wakalichukua vazi na kurejesha fungu moja, dola 7.99. Fungu la pili wamekataa, nami nimeomba wanieleze sababu kwa maandishi. Kwa sasa sarafu 1,000 zimebaki kwenye akaunti. Mwanangu ameniuliza kama anaruhusiwa kuzitumia, na bado sijampa jibu.