Mojito ya nyumbani inatoka chungu, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mama Mwanga: Wanajukwaa, heshima kwenu. Jumamosi nitapokea wageni wanane hapa Kigoma, wakiwemo wakubwa wa kazini kwa mume wangu, nami nimeshaahidi kuwaandalia mojito, kile kinywaji cha Kuba chenye ramu, ndimu, mnanaa, sukari na maji ya soda. Mnanaa umejaa kwenye ndoo uani, ndimu ninazo, lakini kila nikijaribu kinatoka chungu. Nifanyeje?

Mpishi wa Ujiji: Dada, mnanaa hautwangwi kama kisamvu. Weka majani kwenye bilauri pamoja na vijiko viwili vya chai vya sukari na mililita 20 za maji ya ndimu, uyabonyeze taratibu kwa mgongo wa mwiko mpaka harufu ipande, kisha uyaache, kwa sababu yakichanika ndipo uchungu hutoka. Hata ndimu usiisage pamoja na ganda. Ongeza mililita 45 za ramu nyeupe na barafu, umalizie kwa maji ya soda.

Mzee wa Kibirizi: Binti yangu, wape chai ya tangawizi. Nilimzika mdogo wangu kwa sababu ya pombe, na tangu siku ile chupa haiingii kwangu. Wakubwa hao watakuheshimu vilevile.

Binti Kasulu: Mnanaa wangu ulikauka kwa jua la kiangazi mpaka nilipouhamishia chini ya mgomba, na sasa unatambaa hadi kwa jirani. Lakini mleta uzi, mbona hujasema unatumia ramu gani?

Mama Mwanga: Ni nyeupe, ya kawaida tu.

Binti Kasulu: Ya kawaida ipi? Chupa ina lebo?

Mama Mwanga: Haina lebo. Ni gongo, nimeletewa kwenye dumu na mtu ninayemwamini, kwa kuwa ramu ya dukani ni ghali. Nimeiwasha kwa kiberiti ikatoa mwali wa buluu, na ndimu itakata makali yake. Lita tano nimeshazilipia, kwa hiyo naomba tujadili uchungu tu.

Muuguzi Mstaafu: Mama, hatuwezi kujadili uchungu tukaacha sumu. Gongo inaweza kuwa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, nayo huwaka kwa mwali wa buluu, kwa hiyo kiberiti hakikuambii lolote, na ndimu haiiondoi hata chembe. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki inayoshambulia neva ya macho, na mara nyingi dalili huchelewa saa 12 hadi 24, yaani wageni wako wataondoka wakikushukuru, halafu kesho yake mmoja aanze kuona ukungu. Ikitokea hivyo, ni hospitali mara moja, hakuna kusubiri. Isitoshe, gongo imekatazwa kisheria, na wewe unawaalika wakubwa wa mumeo!

Mtazamaji: Nina mashaka na uzi huu. Wageni wanane wakinywa bilauri mbili mbili, kwa kipimo cha Mpishi, watatumia mililita 720. Hizo lita nyingine nne ni za nani? Naona hapa tunatafutiwa soko la gongo kwa jina la mojito.

Mama Mwanga: Siuzi chochote, ndugu yangu, wala sikutunga. Muuzaji hapimi chini ya dumu, nami nilihesabu bei bila kuhesabu bilauri. Ina maana chupa moja ya mililita 750 ingetosha?

Mtazamaji: Hesabu ndivyo inavyosema. Mashaka yangu nayabakiza.

Mpishi wa Ujiji: Inatosha, utapata bilauri 16. Asiyekunywa pombe mtengenezee vilevile bila ramu, umwongezee ndimu kidogo na barafu ya kutosha. Nunua chupa iliyofungwa, na dumu hilo litoke nyumbani leo, lisije likachanganywa na maji ya jikoni.

Mama Mwanga: Chupa nitainunua kesho. Kuhusu dumu, nasubiri mume wangu arudi.

Muuguzi Mstaafu: Usimsubiri, mama. Limwage sasa hivi.