Buti za kazi mlimani: ngozi ya mtumba, plastiki ngumu au nyepesi mpya?

Kijana_Kiboriloni
Habari zenu wakuu. Nimepata kazi ya upagazi Kilimanjaro, njia ya Machame, naanza mwezi ujao. Kiongozi wetu ameshadokeza kwamba baadaye kuna wageni watakaopandia Western Breach, ile njia ya mwinuko mkali wa mawe upande wa magharibi, na kulala Crater Camp, kambi ya ndani ya kreta, na kwa safari hiyo anataka wagumu (wapagazi) wenye viatu vya uhakika. Mimi nina raba tu.

Nimezunguka soko la mitumba la Memorial na la hapa Kiboriloni, nimebakiwa na tatu. Ya kwanza ni ya ngozi, mtumba wa Ujerumani, soli nene yenye nembo ya njano, inaonekana haijavaliwa kabisa. Elfu tisini. Ya pili ni ya plastiki ngumu, ndani ina buti nyingine laini inayochomoka, nje ina vifungo vinne vya chuma. Muuzaji anasema hizi ndizo za kupandia Everest, anataka laki na ishirini. Ya tatu ni nyepesi, ya kitambaa, mpya dukani, laki na nusu. Mguu wangu 43, mpana kwa mbele. Hela yote niliyonayo ni laki na sitini na bado sijanunua soksi. Nichukue ipi?

Mgumu_wa_Umbwe
Ngozi, mdogo wangu. Plastiki kwenye matope ya msitu wa Machame na kilo 20 kichwani hutafika kambi ya Shira na miguu mizima. Ila usitoe hela mpaka mafundi wa humu waseme kuhusu soli.

Niko_Innsbruck
Kaka, hiyo ya vifungo vinne tuimalize kwanza. Niko Austria kikazi, msimu wa theluji buti hizi naziona kila siku. Igeuze uangalie chini. Kama soli ni plastiki tupu, bapa, haina meno ya mpira, halafu mbele ya vidole na nyuma ya kisigino kuna ukingo uliojitokeza nje, hiyo si buti ya kupandia mlima. Ni ya skii, kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili, au ya wale wanaoteleza kwa ubao mmoja mwembamba. Huo ukingo ndio unaobanwa na kishikizo cha chuma kilichofungwa kwenye ubao.

Nyuma kuna kimkono kidogo cha kupandisha na kushusha?

Kijana_Kiboriloni
Kipo. Na chini ni bapa kweli, plastiki tupu. Ndani imeandikwa 27.5.

Niko_Innsbruck
Basi huenda ni ya ubao. Hiyo 27.5 ni urefu wa mguu kwa sentimita, ndivyo wanavyopima buti za theluji. Kimkono kinafunga kifundo kikae kimeinamia mbele, au kukiachia kidogo. Zipo za skii ya kupandia milima zenye kimkono pia, lakini zile soli yake ni ya mpira.

Nieleze kwa nini haitakufaa, maana muuzaji atakwambia ugumu ndio ubora. Anayeteleza kwa buti ngumu hasimami kiubavu kama wale wa buti laini. Miguu anaielekeza karibu mbele kabisa, wa mbele mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 65, kwa sababu ubao wenyewe ni mwembamba na buti ikizidi upana wake inakwangua theluji. Akitaka kukata kona anasukuma muundi kwenye shingo ya buti, na plastiki inapeleka ule msukumo moja kwa moja hadi ukingo wa chuma wa ubao. Buti ikipinda, ubao unachelewa kujibu. Kwa hiyo ule ugumu una kazi yake, ila ni kazi ya mtu ambaye mguu umefungwa mahali pamoja. Wewe unahitaji kifundo kinachokunjika kila hatua. Juu ya mwamba wa Barranco, soli ile bapa na mzigo kichwani ni kuanguka.

Huyo muuzaji huenda hajui tu. Ila usimpe hata shilingi.

Meku_Marangu
Nakubaliana na kijana wa Austria, lakini msije mkazika plastiki zote kaburi moja. Kuna buti mbili-kwa-moja za kupandia mlima zenyewe: ganda la plastiki, buti laini ndani, KAMBA badala ya vifungo, na soli ya mpira yenye meno. Kampuni za Koflach na Scarpa zilizitengeneza nyingi, na wageni wengi walikuja nazo hapa. Faida yake ni moja kubwa. Usiku unachomoa ile ya ndani unalala nayo kwenye begi la kulalia, asubuhi unavaa kitu kikavu chenye joto. Crater Camp iko juu ya mita 5,700. Aliyewahi kuamka pale akakuta ngozi yake imeganda hawezi kuidharau plastiki.

Kijana_Kiboriloni
Shikamoo mzee wangu. Kwa hiyo nikipata hiyo ya kamba nichukue?

Meku_Marangu
Marahaba mwanangu. Kwa safari ya Western Breach, azima au kodisha. Usinunue. Plastiki ya zamani inakufa ndani kwa ndani, kwa nje unaiona nzima inang'aa, halafu siku ya baridi kali ganda linapasuka. Na kazi yako ya kila siku haiko huko. Mpagazi wa Machame kwa kawaida hafiki kilele cha Uhuru. Unaishia kambi ya Barafu, takriban mita 4,600 na kitu, wageni wanapanda usiku na kiongozi wao, wewe unashuka kwa njia ya Mweka na mzigo. Nunua kiatu cha kazi unayofanya kila wiki.

Na ukienda Western Breach, ulizia kofia ngumu kabla ya kuulizia buti. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale yakaua wageni watatu Wamarekani, njia ikafungwa kwa muda.

FundiSoli_Memorial
Sasa tuje kwenye ngozi yako. Umesema "inaonekana haijavaliwa kabisa". Hapo ndipo roho yangu inaposhtuka.

Buti nyingi za mlima zina tabaka la sponji ngumu katikati ya mpira wa chini na ngozi ya juu. Hiyo sponji ni poliyurethani. Adui yake ni unyevu wa hewa, na unaila polepole hata kama buti iko kwenye boksi kabatini. Ikivaliwa mara kwa mara inakaa vizuri zaidi kuliko ikilala. Mzungu ananunua buti ya bei kali, anaivaa likizo moja, inakaa stoo miaka kumi, anaigawa, inaingia kwenye robota inakuja Moshi. Ngozi mpya, kamba mpya, nembo inang'aa, na katikati kumeshaoza. Siku ya pili msituni soli nzima inabaki kwenye matope na wewe unaendelea na soksi. Naletewa hizo kila msimu, watu wamezifunga kwa waya.

Namna ya kupima: bonyeza lile tabaka kwa ukucha wa kidole gumba, ubavuni, karibu na kisigino. Likirudi kama mpira, sawa. Likibaki na alama, likimenyeka unga, au likinata kama ubani uliotafunwa, rudisha. Kisha shika buti mikono miwili uikunje kwa nguvu penye mkunjo wa vidole, uangalie kama kuna nyufa nyembamba zinafunguka. Fanya zote mbili, kushoto na kulia, maana mara nyingine moja imeoza na nyenzake bado. Muuzaji akikukataza kukunja, umeshapata jibu.

Na usidanganyike na mshono. Watu wanakuja wanasema "fundi nishonee pembeni na uzi wa nailoni". Nashona, lakini uzi unashika nini kama katikati ni unga? Kinachosaidia ni kutoa sponji yote na kuweka soli nyingine, na hiyo inalipa tu kama ngozi ya juu ni nzuri kweli.

Mkwea_Meru
Mimi niko Arusha na natetea ile ya tatu, maana naona mnaipita. Buti nyepesi inakauka upesi, na kwa mtu anayetembea kutwa, uzito wa mguuni unachosha kuliko uzito wa mgongoni. Mlima Meru, kutoka kibanda cha Miriakamba hadi cha Saddle, napanda na nyepesi bila tatizo. Pale majivu yanaingia hata kwenye buti ya ngozi, dawa yake ni geita, kile kitambaa cha kufunika mdomo wa buti na muundi. Kasoro yake naijua: kwenye lava ya mlima Lengai kitambaa kinakatika upesi, na changarawe ya Kilimanjaro nayo haina huruma. Ukiwa na kazi mfululizo itachoka mapema. Ila ina soli mpya, na kwa aliyoeleza fundi hapo juu, hilo si jambo dogo.

Dada_Mweka
Mdogo wangu, watu wamejadili aina, mimi ninayeongoza wageni nakwambia kinachomwangusha mtu ni kipimo. Nimeona buti ya gharama kubwa ikimtoa mtu kucha zote mbili kubwa, na ya mtumba ikimfikisha na kumrudisha mzima.

Kucha hazitoki wakati wa kupanda. Zinatoka wakati wa kushuka Mweka. Anayetoka Uhuru, mita 5,895, akalale kambi ya Mweka, inayokaribia 3,100, anashuka karibu mita 2,800 siku moja, kila hatua vidole vinagonga mbele. Wewe utaanzia Barafu lakini ukiwa na mzigo, kwa hiyo adhabu ni ile ile.

Nenda sokoni jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kutembea, na uende na soksi ile ile utakayovaa kazini. Vaa buti bila kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono, kikibanwa kidogo. Viwili ni kubwa. Kisipoingia, iache hata kama muuzaji anasema ngozi itatanuka. Ngozi inatanuka kwa upana, haiongezeki urefu. Wewe mwenye mguu mpana hilo ni la kukumbuka, maana wengi hukimbilia namba kubwa kutafuta upana, kisigino kinaanza kucheza, malengelenge yanafuata.

Halafu funga vizuri na utafute mteremko. Pale Memorial tumia ngazi yoyote au ukingo wa mtaro. Shuka ukipiga mguu chini. Vidole vikigusa, acha. Panda, kisigino kikinyanyuka sana, acha pia. Kamba ziwe legevu kwenye vidole, na penye mkunjo wa kifundo zungusha kamba mara mbili kabla ya kuendelea juu, hapo kisigino kinabaki kimekaa.

Usivae soksi mbili nene ndani ya buti iliyobana ukidhani unajikinga na baridi. Damu isipopita, vidole vinaganda haraka zaidi. Moja ya sufu inatosha. Za pamba acha nyumbani, zinashika jasho.

Kuhusu namba: 43 ya Ulaya ni kama 9 ya Kiingereza, na Wamarekani wanaiita 10 kwa wanaume. Soma kwenye ulimi wa buti ni namba ya nani.

Niko_Innsbruck
Dada ametaja kidole nyuma ya kisigino. Kwa atakayekodi ile ya plastiki ya kamba, toa kwanza buti ya ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele. Nyuma ibaki sentimita moja hadi moja na nusu. Ile ya ndani inadanganya, ni laini, inafanya kila namba ionekane inakutosha. Hata huku kwa watu wa ubao mgumu ndivyo wanavyopima.

Kijana_Kiboriloni
Asanteni sana. Kramponi je, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti? Kiongozi alitaja.

Meku_Marangu
Njia ya kawaida ya kwenda Uhuru siku nyingi ni changarawe na vumbi. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilipungua kwa karibu asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Kampuni ikiona Western Breach ina barafu itawapa vifaa. Wewe angalia jambo moja: kramponi ya kujifunga kwa waya mbele na mkono nyuma inahitaji buti ngumu yenye mfereji mbele na nyuma. Ya mkono wa nyuma tu inahitaji mfereji kisigino. Ya mikanda inakaa kwenye ngozi ya kawaida yenye soli isiyokunjika sana. Kwenye buti nyepesi ya kitambaa usiifunge, soli inapinda, kramponi inachomoka mguu ukiwa hewani. Ndiyo maana Mkwea_Meru namheshimu lakini kwa safari ile sikubaliani naye.

Mkwea_Meru
Kwa Western Breach sibishi, mzee.

Kijana_Kiboriloni
Nimerudi sokoni jana jioni. Ya Kijerumani niliibonyeza ukucha kama fundi alivyosema: kushoto ilikuwa sawa, kulia imebaki shimo na unga mweupe umenitoka kwenye ukucha. Nikaiacha. Kwa muuzaji wa pili nikapata nyingine ya ngozi, imechakaa kidogo kisigino, soli imeshabadilishwa na mtu, haina lile tabaka la sponji kabisa, ni mpira mtupu. Elfu sabini. Kidole kinaingia nyuma, kwenye ngazi vidole havigusi, kisigino kimetulia. Kidole kidogo cha kulia ndicho kinabanwa ubavuni. Bado nina hela ya soksi mbili za sufu na geita.

FundiSoli_Memorial
Hapo umenunua. Kabla hujaileta, chora kwa chaki juu ya ngozi mahali hasa panapobana ukiwa umesimama. Nitalowesha pale kwa ndani na kuweka kalibu usiku mmoja. Usiianike juani wala jikoni karibu na moto, gundi itaachia. Ikilowa mlimani, ijaze magazeti makavu.

Dada_Mweka
Na uivae kuanzia leo, kwenda dukani, kanisani, popote, mpaka siku ya geti.

Mgumu_wa_Umbwe
Raba zako zibebe pia, utazivaa kambini buti ikikauka.