Tatuu mbichi: mafuta ya mgando, mise, plastiki au niache ikauke yenyewe?

kibirizi_usiku
Wakuu habari za jioni. Juzi jumamosi nimechora tatuu kwenye kigasha cha kulia, jina la marehemu mama na samaki mgebuka chini yake, imetoka vizuri mno ndo maana naogopa isije kuharibika. Shida ushauri umekua mwingi. Aliyenichora kasema nipake mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Mama mdogo kaniletea mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) kwenye chupa ya soda anasema hata vichanga vinapakwa hayo. Mshkaji wangu anasema nisipake kitu kabisa niache ikauke. Alafu kuna jamaa alitoka Dar akaniachia ile plastiki nyembamba ya kunata inayobandikwa juu ya tatuu. Mimi kazi yangu dagaa, usiku niko ziwani mchana kwenye vichanja jua la kutosha. Kipi bora hapo?

mwanga_juu
Pole na msiba wa mama mkuu. Mi ninazo tatu. Ya kwanza nlipaka mgando kama napaka siagi kwenye mkate, nikajua nikizidisha ndo inapona haraka, kumbe ngozi inalowa muda wote, kigaga kikawa laini kikagandia kwenye shuka usiku, asubuhi navuta shuka kinatoka na wino, mpaka leo herufi moja ina kidoa cheupe. Ya pili nkapaka kidogo saana, yani unasugua kwenye kidole mpaka mafuta yanayeyuka alafu unagusisha tu, ngozi ing'ae kidogo basi. Ikapona safi wiki ya tatu. Kwaiyo mgando sio mbaya, ubaya ni wingi. Na usipake kabla hujaosha na kukausha, unafungia uchafu ndani.

dada_gungu
Kaka yangu kuhusu mise usimkatalie mama mdogo vibaya, kwenye ngozi nzima ni mafuta mazuri na mi mwenyewe nayapaka. Ila tatuu mbichi ni kidonda. Mise yetu inakamuliwa nyumbani, inawekwa kwenye chupa iliyokua na kitu kingine, inakaa sokoni kwenye vumbi, hujui kimeingia nini. Iweke mpaka ngozi ifunge kabisa na magamba yaishe, hapo paka hata kila siku, tatuu itakua nyeusi inavutia. Mawese ndo usithubutu, mbali ya huo uchafu itachafua kila shati.

mkavu_tu
Mi nipo upande wa mshkaji wako ila sio kwa tatuu yako. Nlikua na kadogo kwenye kifundo cha mkono, nikaosha tu nikaacha, ikapona bila tabu. Mwaka uliofuata nkachora kubwa begani, kiangazi, upepo na vumbi lile, nikafanya vilevile, ikakakamaa ikapasuka kila nikiinua mkono na inawasha mpaka usingizi hakuna. We unavuta nyavu, mkono haupumziki, ukiacha kavu itakupasukia.

bangwe_85
Plastiki nimeitumia. Uzuri wake vumbi haliingii na hukumbuki hata kupaka. Ya kwanza nilikaa nayo siku moja, yakajaa maji meusi ndani (usiogope ni majimaji ya kidonda na wino uliozidi), nikatoa, nikaosha, nikabandika nyingine siku nne. Ila joto la kwetu jasho linafungua kingo, ikishaachia pembeni toa hapohapo, maji yakiingia yanakaa humohumo na kidonda. Na isijekua mtu akakwambia tumia nailoni ya kufungia chakula, ile haipitishi hewa, ni ya masaa machache tu unapotoka kuchorwa.

nesi_ujiji
Mdogo wangu naona wote wanabishana mafuta, ila kwako hatari kubwa ni ziwa. Maji ya pale mwaloni yana vimelea vya kila aina, na plastiki haikupi ruhusa ya kuzamisha mkono. Wiki mbili tatu usiogelee, usilowanishe mkono kwenye maji ya ziwa. Nyumbani osha mara mbili kwa siku, maji safi ya kutiririka na sabuni isiyo na harufu kali, mikono yako ioshwe kwanza. Kausha kwa tishu kwa kugandamiza, sio taulo, sio pamba, nyuzi zinanasa. Dettol na spiriti hapana, vinaunguza ngozi mpya. Na jamani hii tabia ya kupasua kapsuli za rangi mbili (antibiotiki) na kumwaga unga kwenye kidonda iacheni!! Jua: vaa shati la pamba la mikono mirefu, losheni ya jua subiri mpaka ipone. Wekundu na kuvimba siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, vinatakiwa vipungue. Vikizidi kusambaa, pakawa pamoto, usaha au homa, njoo hospitali siku hiyohiyo. Na kama hukumbuki chanjo ya pepopunda mara ya mwisho lini, uliza. Ile sindano ilifunguliwa mpya mbele yako?

kibirizi_usiku
Dada nesi ndio, alifungua pakiti mbele yangu. Asanteni sana wote. Basi nafanya mgando kidogo kama alivosema mwanga_juu, mise namwambia mama mdogo naiweka nitaanza ikishapona. Plastiki naiacha. Shida ni ziwa, siku tatu hizi nimeenda kazini na mkono umelowa kila usiku.

mwanga_juu
Ongea na nahodha akuweke kwenye taa au usukani wiki hizi, nyavu avute mwingine. Mbalamwezi si inaanza karibuni? Mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa, boti zikilala na wewe unapata siku za bure za kupona. Siku nyingine panga kuchora mwanzo wa mbalamwezi.

kibirizi_usiku
Inaanza ijumaa. Nimeshampigia nahodha, kakubali, leo siendi. Wekundu umepungua kuliko jana, ila mkia wa mgebuka umeanza kuwasha.

dada_gungu
Usikune! Pigapiga na kiganja juu ya shati, na kata kucha leo hii kabla hujalala.